Fildi ya mjomba nayo isajiliwe

Kila ifikapo Juni, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni hapa Tanzania hujikuta na njia mbili za kupata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Ya kwanza ni ya chuo: barua ya utambulisho, barua ya kukubaliwa, fomu ya kuripoti, daftari la kila siku, msimamizi anayekuja kukagua. Ya pili ni simu moja. Mjomba anamjua meneja wa karakana, na meneja kasema, "Mlete Jumatatu." Kwa mwanafunzi aliyesambaza barua ofisi kumi na tano bila kujibiwa hata moja, simu hiyo ni neema. Linalobaki ni kuamua kama aende tu akajifunze, au airudishe nafasi ile chuoni isajiliwe rasmi.

Msimamo wangu ni kwamba isajiliwe, tena kabla ya siku ya kwanza. Zipo hali ambazo ningemwambia mwanafunzi asijisumbue, na nitazitaja. Lakini wengi wanaoacha kusajili hawajapima chochote. Wanadhani usajili ni habari ya alama, na kwa kuwa hawana shida na alama, hawaoni haja ya karatasi.

Usajili kwanza kabisa unaeleza wewe ni nani mle ndani. Mfanyakazi ana mkataba. Mwanafunzi aliyesajiliwa ana barua mbili zenye tarehe, moja ya chuo na moja ya kituo. Asiye na chochote ni mtu baki aliyesimama karibu na mashine ya kukereza, hata kama kila mtu pale karakanani anamwita "mwanafunzi wetu".

Tuanze na ajali, maana hapo ndipo utu baki unapouma. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kila mwajiri Tanzania Bara huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Angalia vizuri maneno hayo: ya mishahara anayolipa. Mwanafunzi wa fildi asiyelipwa kitu hayumo kwenye orodha ya mishahara, na kwa kawaida jina lake halijawahi kufika kwenye taarifa za mchango za mwajiri huyo. Kwa hiyo yule anayejifariji kwamba "kampuni ina bima" ajue kwamba kampuni ina bima ya watu wake, na yeye bado hajawa mmoja wao. Kadi ya mwanafunzi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, inasaidia kutibu kidonda. Kidole kilichobaki kwenye grenda hailipii.

Je, usajili peke yake unaleta fidia? Hapana, na nisingependa mtu aondoke hapa akiamini hivyo. Unachofanya usajili ni kulazimisha mazungumzo hayo yafanyike mapema na kwenye karatasi. Ofisi ya mafunzo kwa vitendo ya chuo chako iulizwe swali moja lililo wazi: kuna bima ya ajali kwa wanafunzi walio nje ya chuo? Kama ipo, inamhusu nani, na inaanza na kuisha tarehe gani? Bima ya namna hiyo hufuata orodha ya majina, na jina lisilo kwenye orodha halina bima. Kama haipo, ulizia bima binafsi ya ajali ya miezi miwili. Nchini Kenya makampuni mengi humtaka mwanafunzi wa atachimenti, kama fildi inavyoitwa kule, aje na bima ya ajali mkononi kabla hajaonyeshwa hata meza ya kukaa. Wanafunzi hulalamika juu ya gharama, lakini naona utaratibu huo ni wa haki kuliko ukimya wetu.

Kwa wanafunzi wa afya jambo hili halina mjadala kabisa. Sindano iliyotumika ikikuchoma, dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo, na baada ya saa 72 huanzishiwi tena; ukianza, ni siku 28 bila kuruka. Mwanafunzi aliyesajiliwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, humwambia msimamizi wa zamu, huandikwa kwenye kitabu cha ajali, hupimwa, na mgonjwa husika naye huombwa apimwe. Aliyeingizwa wodini kwa kujuana hujikuta na hesabu nyingine kichwani: nikisema, aliyeniingiza ataulizwa. Anasita. Anaenda nyumbani, analala, anarudi kesho yake akiwa na homa ya hofu, na saa 72 hazimsubiri. Ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi, maabara na udaktari alifikirie hilo kabla ya kukubali kwenda kujishikiza mahali. Jambo linalokwenda sambamba na hilo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Fildi ikianza Julai, basi dozi ya kwanza ni Januari. Anayeandaa safari ya fildi Juni mwishoni ameshachelewa.

Kuna pia suala la taarifa za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, benki, hospitali au ofisi ya rasilimali watu inayomfungulia mafaili kijana asiye na barua yoyote inajitafutia balaa, na kijana mwenyewe yumo ndani ya balaa hilo. Barua ya usajili na karatasi ya kiapo cha kutunza siri huchukua dakika kumi kusaini.

Fedha nazo zina neno. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo: hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani wiki nane. Kwa aliyepangiwa kiwango chote ni shilingi 560,000. Hela hii inawahusu wale ambao mafunzo hayo yamo kwenye programu yao ya masomo na chuo kinawatambua kuwa wanakwenda. Tukumbushane tu kwamba ni mkopo kama bumu lingine lolote, yaani hela ya kujikimu ya Bodi, na utakatwa asilimia 15 ya mshahara kuurejesha. Kuichukua kisha ukakaa nyumbani ni kujikopesha deni lisilokuacha na ujuzi.

Sasa namna ya kusajili nafasi uliyoipata mwenyewe. Watu wengi hukwama kwa kugeuza mpangilio: wanaanza kazi, halafu wanatafuta karatasi. Anza na barua ya utambulisho kutoka idarani au ofisi ya mafunzo kwa vitendo. Usiipeleke kwa yule anayefahamiana na mjomba. Ipeleke kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake. Ikiwa ni halmashauri, barua inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji hata kama unajua utaishia idara ya ujenzi au kilimo, na inapitia masjala. Pale masjala omba nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" na iandikwe tarehe. Barua isiyo na muhuri huo hupotea, na hakuna wa kumlaumu.

Barua ya kukubaliwa ndiyo moyo wa jambo zima, na ndiyo inayoandikwa kizembe kuliko zote. "Tumemkubali kijana wenu kufanya mafunzo" haitoshi. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye usajili wa chuo, herufi kwa herufi (aliyejiandikisha chuoni kwa majina matatu asije akaandikwa kwa jina la utani la mtaani), namba ya usajili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idara utakayokaa, jina, cheo na simu ya msimamizi wa kituo, kisha sahihi na muhuri juu ya karatasi yenye nembo. Ongeza sentensi mbili ambazo meneja atazipenda. Ya kwanza iseme wazi kwamba haya ni mafunzo na si ajira. Ya pili itaje nani anabeba gharama ya matibabu ajali ikitokea. Waajiri wadogo wengi hukwepa kusaini fomu za chuo kwa kuogopa kwamba kijana atageuka siku moja na kudai mshahara. Sentensi ile ya kwanza, ikiwa na tarehe ya mwisho, inawalinda wao kuliko kimya.

Tarehe zilingane na kalenda ya chuo. Kituo kikisema wiki sita na programu yako inadai nane, utaambiwa hukukamilisha, hata kama ulifanya kazi hadi Jumapili.

Halafu ipo fomu ya kuripoti, ile unayojaza ukishafika kituoni. Wanafunzi huiona ndogo, kumbe ndiyo chuo hutumia kupanga safari za wasimamizi wake mkoa kwa mkoa. Mhadhiri hupewa orodha na siku chache za kuwazungukia wanafunzi wengi. Ukiwa Mwanza huku karatasi zinasema Dodoma, atakutafuta Dodoma, atakukosa, ataandika hakukuona. Ndiyo maana kuhama kituo katikati bila kuandika barua ni kosa linalogharimu alama nyingi kuliko ripoti mbovu. Itume fomu hiyo wiki ya kwanza, na ukihama, toa taarifa kabla hujahama.

Daftari la kila siku, lile tunaloliita logibuku, lijazwe jioni ileile na lisainiwe kila wiki. Madaftari yaliyojazwa kwa usiku mmoja yanajulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka, na "nilisaidia kazi mbalimbali" kila Jumatano. Mwanafunzi wa uhandisi aweke michoro na vipimo. Wa uhasibu aandike ni hati gani alizishughulikia, bila kunakili majina ya wateja. Na ile tathmini ya siri ya msimamizi wa kituo ifungwe kwenye bahasha na igongwe muhuri pale bahasha inapofungiwa. Bahasha iliyofunguka njiani humtia mashakani hata mwanafunzi mwema.

Ni lini basi nisingesajili? Hali ya kwanza ni pale nafasi yenyewe ni dhaifu. Duka la vifaa vya ujenzi si kituo cha mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, hata mwenye duka awe mjomba wako wa damu. Ofisi isiyo na mtu wa fani yako wa kukusimamia vivyo hivyo. Ukiisajili nafasi ya namna hiyo kama somo la lazima, utapimwa kwa vigezo ambavyo kituo hakiwezi kuvitimiza, na ukifeli, katika vyuo vingi unarudia likizo ndefu ijayo, na mahafali yako yanaweza kusogea mwaka. Hapo tafuta kituo kingine cha kusajili, hata chenye heshima ndogo mjini, na kwa mjomba nenda siku nyingine kujifunza biashara. Ya pili ni pale ulishamaliza fildi ya lazima na unataka tu kuongeza mikono wakati wa likizo. Chuo hakina wajibu wa kukusimamia, na vingine havina hata fomu ya hilo. Bado usiende mikono mitupu: ukurasa mmoja uliosainiwa na pande mbili, wenye tarehe, kazi utakazofanya, saa za kazi na habari ya matibabu, unatosha. Mwanafunzi wa uhandisi asidhani kwamba miezi hiyo itahesabiwa kwenye mpango wa uanagenzi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mpango ule ni wa wahitimu na huchukua miaka mitatu.

Kwa mwanafunzi wa kigeni, kama hawa wenzetu wengi kutoka Burundi na Kongo wanaosoma Tanzania, sioni kabisa nafasi ya kuchagua. Kibali chake cha ukaazi kimetolewa kwa ajili ya masomo. Akikutwa karakanani, barua ya chuo ndiyo inayoonyesha kwamba yuko masomoni. Asipokuwa nayo, atahesabiwa kuwa anafanya kazi bila kibali, na kueleza kwa mdomo hakutamsaidia.

Kama unasoma haya na tayari una wiki mbili kituoni bila karatasi, usirudishe tarehe nyuma. Barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya uongo ni udanganyifu wa kimasomo, na inamtia hatarini aliyeisaini pia. Nenda idarani na ukweli: nilianza tarehe fulani, naomba isajiliwe kuanzia leo. Mratibu anaweza kukubali uhesabiwe kuanzia siku ya barua na uongeze wiki mbili mwishoni kabla chuo hakijafunguliwa, kwa hiyo piga hesabu ya wiki zilizobaki kabla hujaingia ofisini kwake. Nenda asubuhi, na nakala mbili za kila karatasi.