Filamu ya dakika nane na watu wa Wenela

Ukipita steshenari ninapofanya kazi, hapa Mwanjelwa, Mbeya, mchana wateja wakipungua, utanikuta natazama filamu fupi. Siyo vipande vya vichekesho wala marudio ya mechi. Nasema filamu kamili, yenye mwanzo na mwisho, ya dakika tano, nane au ishirini. Wanaotoa tuzo za Oscar wameziwekea mpaka: isizidi dakika 40, pamoja na majina ya mwishoni. Ndani ya mpaka huo kuna katuni, dokumentari na hadithi za kuigiza ninazoziweka juu ya muvi nyingi za saa mbili, na inaniuma kwamba watu wa Mbeya wenye simu nzuri na akili nzuri wanazikosa.

Nikisema hivi naambiwa tatizo ni bando. Sikubali. Kijana anayemaliza GB nzima kwa kuperuzi video za nusu dakika mpaka simu inapata moto hana shida ya bando. Filamu ya dakika nane, nikiishusha kwa 360p, kwenye simu yangu haifiki MB 50. Shida ni kwamba kijana huyo hajui kama ipo. YouTube inakuletea leo ndugu wa kile ulichotazama jana. Ukitazama ngumi utaletewa ngumi, ukitazama mahubiri utaletewa mahubiri. Filamu fupi haina bango, haina wa kuipigia debe redioni, na haiwekwi kwenye basi la kwenda Dar. Mtu asipokutajia jina lake, utazeeka hujaiona.

Mimi nilitajiwa. Mwalimu mmoja alikuja kuchapa mitihani, akanikuta natazama katuni, akasema: "Kijana, tafuta Father and Daughter. Itazame ukiwa umetulia." Nikaandika jina nyuma ya risiti, risiti ikakaa kwenye droo wiki mbili.

Nilipoifungua ilikuwa Aprili, mvua inapiga bati, dukani hakuna mtu. Picha zake ni kama zimechorwa kwa mkaa na maji ya chai: ardhi tambarare, miti mirefu, anga kubwa. Baba na binti yake wanaendesha baiskeli juu ya tuta. Wanafika kwenye maji. Baba anamkumbatia mtoto, anashuka kuelekea kwenye mtumbwi, anarudi mbio kumkumbatia tena, kisha anaondoka kwa makasia. Harudi. Mtoto anakuwa anakuja pale, upepo unampiga. Anakuwa msichana, anakuja na wenzake. Anakuwa mama, anakuja na watoto wake. Kila mara anatazama maji. Aliyeitengeneza ni Mholanzi, Michaël Dudok de Wit, mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Dakika nane zote hakuna mtu anayesema neno. Kuna kodiani, kuna upepo, basi.

Julai nikaenda kwa mama, Tukuyu. Anayeijua Tukuyu ya Julai anajua kwamba jioni ikiingia kila mtu yuko jikoni, ukungu umeshaifunika migomba, na jiko la mkaa halitoki katikati ya miguu ya watu. Mama anakaribia miaka sabini. Kiingereza hajui, na tamthilia zilizotafsiriwa zinamchosha. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikamwambia atazame kidogo.

Baba wa kwenye filamu alipopanda mtumbwi, mama akasema, macho yakiwa palepale: "Huyu kaenda Wenela."

Kwa wasiojua, Wenela ndivyo wazee wetu walivyolitamka jina la shirika lililokuwa likiajiri wanaume kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Wanyakyusa walikwenda wengi. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ikakomesha uajiri huo. Kuna waliorudi na mablanketi na baiskeli, na kuna ambao hawakurudi. Babu yangu mzaa mama hakurudi. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, lakini nililijua kama ninavyojua namba ya nyumba yetu. Nimeitazama filamu ile mara nne peke yangu dukani na wala sikumkumbuka babu.

Karibu na mwisho binti amekuwa bibi kizee. Anafika na baiskeli yake, anaisimamisha, inaanguka. Anaiinua, inaanguka tena. Mama akasogea karibu na simu. "Mbona haisimami?" akauliza, kama vile angeweza kwenda kuishikilia. Kinachofuata hapo sitakisema, ukakione mwenyewe.

Ilipoisha alikaa kimya, akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akaniambia: "Bibi yako alikuwa anatupeleka pale Katumba, barabarani. Gari likishusha watu, sisi watoto tunaangalia viatu. Waliotoka Wenela walikuwa na viatu vizuri. Ukiona viatu vizuri, unapandisha macho taratibu mpaka usoni."

Nina miaka arobaini na moja. Habari ya viatu sikuwahi kuisikia.

"Irudishe mwanzo," mama akasema. Tuliitazama mara tatu usiku ule, mpaka chaji ikaisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia filamu hizi ni za wasomi na wazungu, namwambia aende Tukuyu. Mama aliielewa kunizidi mimi niliyeitafuta, tena aliielewa kwa kwenda Katumba utotoni. Naamini kwa moyo wote kwamba filamu zisizoongea ndizo mlango wetu sisi wa Kiswahili. Hatudaiwi Kiingereza, hatukimbizani na maandishi chini ya kioo. Bibi, mjukuu na mfanyakazi wa ndani wanakaa jiko moja na wote wanaona kitu kizima.

Nyingine ya namna hiyo ni Neighbours, ya 1952, ya Norman McLaren wa Kanada. Majirani wawili wamekaa kwa amani, ua moja linaota mpakani, na kuanzia hapo ni uzio, ngumi, hatimaye makaburi. Waigizaji ni watu halisi, ila wamepigwa picha mojamoja kama vikaragosi, kwa hiyo wanateleza juu ya majani bila kupiga hatua. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kata akisikiliza kesi ya mpaka atawatambua wale wawili kwa majina. Utaikuta kwenye tovuti ya Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada, ambayo tangu 2009 imefungua maelfu ya filamu zake zitazamwe bure. Mimi naihesabu kama maktaba yangu. Menyu yake ni ya Kiingereza na Kifaransa, ila jina la filamu ukiwa nalo, hayo hayakuzuii.

Zinazoongea ndizo zenye kazi. Borom Sarret ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya 1963, inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi kutwa nzima Dakar: anabeba wasiolipa, anaingia mtaa aliokatazwa kuingia, askari anamnyang'anya mkokoteni, anarudi nyumbani mikono mitupu. Wasukuma mikokoteni wetu wa Mwanjelwa wangeitazama wakiwa wamesimama. Lakini sauti yake ni ya Kifaransa. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, inaonyesha dunia iliyomaliza maji, na msichana anayetoroka ili akapande mche mmoja. Ina jina la Kiswahili kabisa, ila mazungumzo ni ya Kiingereza. Nilimwekea mdogo wangu, akaiacha dakika ya sita. Simlaumu.

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunamkumbuka Lufufu, jinsi alivyokuwa akitusimulia filamu za nje kwa Kiswahili mpaka ukasahau kwamba wale watu walikuwa wanaongea lugha nyingine. Simdai mtu awe Lufufu. Ninachodai ni kidogo: mistari mitatu. Ukiona filamu fupi ikakugusa, andika kwa Kiswahili, kwenye status yako au kwenye kundi la ukoo, inaitwaje, ni dakika ngapi, inaongea au haiongei, na inaanzaje. Mistari mitatu ya mtu anayejulikana pale Kabwe ina nguvu kuliko uhakiki wa kurasa tano ulioandikwa London, kwa sababu msomaji wake anamjua aliyeandika.

Mnakumbuka habari za kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe walisikia habari za kima mwenye haya anayeitwa hivyo. Wakamtafuta, wakamwona. Mwaka uliofuata akakutwa na wengine katika milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. 2005 akatangazwa duniani kama spishi mpya, na 2006 ikaonekana anastahili jenasi yake peke yake. Muda wote huo wawindaji walikuwa na jina lake mdomoni. Hivyo ndivyo ninavyoona filamu fupi inavyofika kwa mtu: inatoka kwa aliyekwisha kuiona kwenda kwa aliyejali kuuliza.

Mnaniuliza pia naanzia wapi nisipokuwa na wa kumuuliza. Naanza na orodha za walioteuliwa kugombea Oscar, zile safu tatu za filamu fupi: katuni, za kuigiza na dokumentari. Orodha za miaka ya nyuma ziko wazi, na wenye filamu wengi huziweka mtandaoni wenyewe. Nikipenda moja, namfuata aliyeitengeneza, maana mtu wa namna hiyo mara nyingi ana nyingine tatu ambazo hazikupata tuzo. Kwa hiyo msiruke majina ya mwishoni. Kuna mahali nilikuwa nawekewa filamu kwenye flashi, wakawa wanakata majina yote ili faili liwe dogo, na kwa miaka miwili sikujua nimependa kazi za nani.

Wenye vibanda na walimu, hizi zinawahusu ninyi moja kwa moja: filamu za mradi wa Blender, programu ya bure ya kutengenezea katuni. Big Buck Bunny ya 2008 na Spring ya 2019 haziongei, hazifiki dakika kumi na moja, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzinakili na kuzionyesha hadharani, mradi utaje walioziandaa. Hakuna atakayekuja kukudai. Nimeshaionyesha Spring kwa watoto wa mtaani kwetu kwenye ukuta wa jirani kwa projekta ya kuazima. Mtundu wa mtaa mzima, yaani yule mtoto asiyetulia kwa lolote, alikaa.

Na kuna jambo linaloniondolea usingizi. Waliokwenda Wenela wakarudi, waliobaki ni wazee sana. Watoto wao waliosimama barabarani Katumba wanakaribia sabini kama mama. Dokumentari ya dakika kumi haihitaji zaidi ya simu, jiko la mkaa na mtu wa kuuliza swali kisha akanyamaza. Nimeanza na mama. Nimerekodi jioni mbili, na sauti ya jiko inasikika kupita kiasi, nitarudia Septemba.

Pale dukani nimebandika karatasi ya manila juu ya fotokopi. Ina safu tatu: jina, dakika, inaongea. Wiki iliyopita binti wa kidato cha tatu alikuja kutoa kopi ya cheti, akaisoma yote huku mashine inapiga.

"Mjomba, hii ya dakika nane haiongei kabisa?"

"Haiongei."

"Hata nikiwa na bibi ataelewa? Yuko Makete, naenda likizo."

Nikamwambia bibi ataelewa. Akaomba kalamu, akaandika kiganjani, herufi moja moja, akiangalia manila na kurudi kwenye mkono.