Aliyepanga sauti naye atajwe

Jumamosi jioni, kwenye mazoezi ya kwaya yetu huko Katuba, Lubumbashi, watenori, wanaume wa sauti ya juu, walikwama kwenye mstari mmoja. Mara tatu wanapanda, mara tatu sauti inapasuka. Mwalimu hakugomba. Alifuta noti ya "la" ubaoni, akawaandikia "fa" iliyo chini yake, na ile "la" akawapa waalto, wanawake wa sauti ya chini. Tukarudia, wakapita bila shida. Kesho yake padri akawashukuru "waimbaji wetu", kanisa zima likapiga makofi, na mwalimu kawapa watu mgongo vilevile, mikono bado hewani.

Hapo ndipo penye kinyongo changu. Lubumbashi hii, mwanamuziki ni yule aliyeshika maikrofoni. Mtunzi hutajwa siku moja moja. Aliyepanga sauti, yaani aliyeugawa wimbo kwa kila kundi la waimbaji, hatajwi kabisa, utadhani soprano, alto, tenori na besi huota zenyewe kama majani ya mvua.

Mji huu ulipaswa kujua zaidi. Joseph Kiwele alikuwa mwalimu wa muziki hapa, enzi mji ukiitwa Élisabethville, na ndiye aliyetunga Misa ya Katanga. Lakini mtaje leo, wazee watakuambia habari za wimbo wa taifa wa Katanga aliotunga, na kiti chake cha waziri wa elimu Katanga ilipojitenga na Kongo, mwaka 1960. Siasa imemeza kinanda. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua milio ya huku kwetu na kuipa nafasi katika sauti za kwaya bila kuiua.

Na msifikiri ni mambo ya kanisani tu. Msikilizeni mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, yule ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, vidole viwili: gumba kinashika besi, cha shahada kinajibu juu. Huyo ni mpigaji na mpangaji ndani ya mkono mmoja.

Tukialikwa arusini, bahasha hugawanywa kwa waimbaji. Mwalimu anaambiwa, "Mungu atakulipa." Mungu hajawahi kwenda kulipa minervali, ile karo, ya watoto wake shuleni, mimi nikijua. Mpangaji apate fungu lake, na jina lake lisomwe pamoja na la mtunzi.

Ila walimu nao wana kosa. Wengi hufungia madaftari yao kabatini kama siri ya uganga, wakifa panya wanarithi. Wa kwetu, namshukuru, si wa hivyo. Jumamosi iliyofuata alimpa chaki binti mmoja wa alto, akamwambia, "Mama, watafutie besi njia yao." Binti akaandika, akafuta, akaandika tena. Noti aliyotupa sisi wa besi ilikuwa chini mno, tukanung'unika. Mwalimu akatunyamazisha: "Imbeni kwanza."