Mama Mkwe Anataka Broadway

Watu wa New York wanalalamikia kodi ya nyumba, baridi na treni za chini ya ardhi. Mimi hayo nimeyazoea. Kinachonimaliza ni wageni. Mgeni akitua, siku ya kwanza analala, ya pili anapigwa picha na magorofa, ya tatu anakohoa kidogo na kusema, "Nasikia kuna hiyo Broadway." Maana yake anataka maigizo makubwa ya hapa mjini, tena ya kulipia. Hapo hata kama nilikuwa nakula, tonge linagoma kushuka.

Igizo la muziki la The Phantom of the Opera lilipofungwa Aprili 2023, baada ya miaka 35 na maonyesho 13,981, kuna watu walilia hadharani. Mimi nilishusha pumzi. Katika hayo 13,981, nahisi robo niliyalipia mimi.

Safari hii mgeni ni mama mkwe. Mgeni mwingine unamwambia tikiti zimekwisha, anakubali yaishe. Mama mkwe utamdanganyaje na binti yake ana simu mkononi?

Basi tukashuka Times Square. Mama akageuka kushoto, akageuka kulia. "Broadway ndiyo ipi?"

"Ndiyo hii barabara, mama."

"Na maigizo yako wapi?"

"Yako mitaa ya pembeni."

Kimya. Nikajikuta naeleza kama mtuhumiwa: kwamba ukumbi hauitwi wa Broadway kwa sababu ya barabara, unaitwa kwa idadi ya viti, kuanzia 500 kwenda juu, kwamba kumbi zenyewe ni 41, nyingi zimejibanza kati ya mtaa wa 41 na wa 54, na zenye mlango kwenye Broadway yenyewe utazihesabu kwa vidole na vidole vibaki. Akaniangalia kwa yale macho ya siku nilipopeleka posa. "Kwa hiyo baba, hapa bado hatujafika."

Mpango wangu ulikuwa wa siri. Pale chini ya zile ngazi nyekundu kuna kibanda cha TKTS. Kuuza tikiti za punguzo walianza 1973: unanunua ya siku hiyo hiyo, nyingine hata kwa nusu bei, shurti upange foleni. Sisi wenye mifuko mepesi ndiko kanisani kwetu. Tukapanga foleni, manyunyu yakatupata, mwanamume mmoja aliyevaa kama mdoli akataka tumlipe kwa kumtazama. Kufika karibu na dirisha, ubao una kila kitu isipokuwa The Lion King, lile igizo la mfalme simba, na mama alikuja kwa ajili ya hiyo tu.

Nikajaribu bahati. "Mama, kuna tamthilia hapa inasifiwa sana. Mtu na mkewe wanagombana jikoni saa mbili nzima."

"Hao nimewaona kwenu jana. Bure."

Nikalipa bei kamili. Zaidi ya dola 100 kila kiti, na viti vyenyewe ni vile vya juu kabisa, ambako ukipiga chafya unaogopa kuangukia watu. Sasa mimi ambaye mama mkwe namwamkia kwa kuinama, nikabanwa naye ubavu kwa ubavu, katikati yetu mkono mmoja wa kiti. "Weka wewe, mama." "Hapana, baba, wewe weka." Onyesho zima mkono ule haukuwekwa na mtu, na bega langu mpaka leo halijakaa sawa.

Taa zikazimwa, sauti ikapasua ukumbi. Wanyama wakawa wanapita katikati ya watazamaji, yuko hadi tembo. Kwa wale wa chini, maana sisi wa juu tulisikia mayowe tu, tembo tukamwona alipokuwa ameshapanda jukwaani na utamu umeshaliwa na wenye hela.

Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa ametusikia tukiongea Kiswahili. Akaniinamia: "Wanaimba nini?" Nikamwambia ule wimbo wa kufungulia ni Kizulu, sikijui. Hakuniamini! Alinikodolea kama fundi anayekataa kazi kwa uvivu. Ulipofika wimbo wa Hakuna Matata akaona anisaidie: akaninong'oneza kwamba maana yake ni kutokuwa na wasiwasi. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Kumbuka bega.

Mama naye alitulia mpaka majina yalipoanza kutajwa. Fisi anaitwa Shenzi. Akacheka peke yake, ukumbi mzima umenyamaza. Akaja ngiri, anaitwa Pumbaa. "Ni mzazi gani," mama akauliza kwa sauti ya sokoni, "anamwita mwanawe Pumbaa?" Vichwa vya safu nne vikageuka. Mimi nikawa nasoma Playbill gizani.

Hiyo Playbill, kile kijitabu cha majina ya waigizaji, Broadway wanagawa bure. Mama alipogundua hilo ndipo nilipojua mkoba wake una nafasi kiasi gani. Mpaka tunatoka alikuwa na saba, mbili za kuokota chini ya viti.

Mapumziko ni kama dakika 15, na foleni ya choo cha wanawake haijui dakika. Mama alirudi taa zikififia, amefurahi, ameshapata marafiki wawili huko kwenye foleni. Kwa lugha gani, sijui. Walikuwa wameshaikata kesi: kosa ni la mfalme mwenyewe, kumwamini ndugu anayeongea kwa kubana pua.

Mwisho watu wakasimama kupiga makofi. Huku wanasimama kila onyesho, hata lile ambalo nusu yao walisinzia. Ila mama alisimama kwa dhati, akapiga kigelegele. Waigizaji wakaangaza macho juu kuitafuta ile sauti. Nikajaribu kuzama kitini, lakini ubavu ulikuwa umekwama.

Tumefika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Saa moja alikuwa ameshawatumia dada zake wote ujumbe wa sauti wa dakika tisa, ngiri akiwemo.

Juzi mama mdogo kapiga simu. Viza imetoka. Anauliza kama tikiti za kule chini, anakopita tembo, inabidi nizikate mapema.