Kipupwe cha Houston: iacheni nyumba ipoe

Ingia nyumba ya watu wa kwetu hapa Houston, Texas, Marekani, mwezi wa Januari, utakuta themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto la nyumba, imewekwa 78. Hizo ni digrii za Fahrenheit, karibu 26 za sentigredi. Nje ni 50, madirisha hayajafunguliwa tangu Machi ya mwaka jana, watoto wanacheza vifua wazi, na mama mwenye nyumba midomo imempasuka, anapaka mafuta mara nne kwa siku. Ukiuliza, jibu ni lile lile: sisi ni watu wa joto, baridi hatuiwezi.

Mimi nasema tunakosea, na tunajinyima kitu kizuri. Houston ni mji wa joto. Januari ya kawaida mchana hufika 63 (17 za sentigredi) na alfajiri hushuka hadi 45 hivi (7). Mtu wa Njombe au Limuru akisikia namba hizo atauliza hiyo baridi iko wapi. Nairobi ya Julai hushuka hadi 11 au 12 za sentigredi alfajiri, na watu wanalala bila hita ya aina yoyote. Sweta, soksi na blanketi vinafanya kazi yake, asubuhi chai ya tangawizi, maisha yanaendelea.

Wa pwani atanijibu kwamba Njombe si kwao. Sawa, tuzungumze pwani. Nyumba ya kale ya Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa ina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi, dari ya boriti za mikoko, na nafasi za kupitishia upepo. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, Mombasa hushuka hadi 20 au 21 za sentigredi alfajiri, mtu anajivutia shuka na kuona raha. Anachokikosa mtu wa pwani akiwa Houston ni ile hewa inayopita, inayoingia dirisha hili na kutokea lile. Joto hapa analo tele. Kuanzia Aprili hadi Oktoba nyumba ya Houston ni sanduku lililofungwa, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana kwa sababu hewa ya nje ni mvuke mtupu. Miezi hii mitatu ya baridi ndiyo nafasi pekee ya kuifungua nyumba kama ya kwetu. Ukitoka kwenye kiyoyozi ukaingia moja kwa moja kwenye hita ya 78, nyumba yako haipumui mwaka mzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Kiasi cha joto kinachotoroka hufuata tofauti kati ya ndani na nje. Nje ikiwa 40 na ndani 78, tofauti ni digrii 38. Ukiweka 64, tofauti ni 24. Umepunguza zaidi ya theluthi ya joto linalopotea usiku huo na hujanunua kifaa chochote. Lakini bili siyo sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni hewa yenyewe. Hewa ya nje yenye digrii 40 na unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi 78 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 20 hivi. Ndiyo maana ngozi inapauka, pua inatoka damu, nywele zinakatika, na ukigusa kitasa cha mlango cheche inakupiga. Hewa hiyo hiyo ukiipasha hadi 64 tu, inabaki na asilimia 33 hivi, na mvuke wa sufuria ya wali na maji ya kuoga unaipandisha hadi 40 bila taabu.

Kwa hiyo weka 66 mchana mkiwa nyumbani, 64 jioni, 62 usiku. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaja 18 za sentigredi, yaani 64 na kidogo, kuwa kiwango salama cha ndani ya nyumba kwa watu wa kawaida wakati wa baridi. Ile 62 ya usiku ni ya mtu mzima mwenye afya aliye chini ya blanketi. Usishuke kwa mpigo mmoja. Punguza digrii mbili kila wiki kuanzia Novemba, mwili utazoea bila ugomvi.

Kufungua madirisha kuna utaratibu wake, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usitazame joto la nje peke yake, tazama kiwango cha umande. Programu za hali ya hewa kwenye simu hukionyesha. Hicho ndicho kipimo cha maji yaliyomo hewani. Kikiwa chini ya 55, fungua. Kikiwa kati ya 55 na 60, nusu saa inatosha. Kikipita 60, funga hata kama nje panapendeza namna gani. Siku nzuri kabisa ni ile inayofuata upepo wa kaskazini: anga linakuwa buluu iliyotakata, hewa kavu, umande unashuka hata chini ya 40. (Kwetu kaskazi ni upepo wa joto wa Desemba hadi Machi; hapa wa kaskazini ndio unaoleta baridi. Inachukua muda masikio kuzoea.)

Zima kwanza mashine kwenye themostati, la sivyo utakuwa unapasha joto mtaa mzima. Kisha fungua madirisha mawili yanayotazamana, pande mbili za nyumba, kila moja kiasi cha upana wa kiganja. Dirisha moja peke yake halisaidii, maana hewa inahitaji pa kutokea. Zuia milango ya vyumba kwa kiatu au tofali isijipige. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kubadilisha hewa yote. Kuta na sakafu hazijapata muda wa kupoa, ndiyo maana ukifunga nyumba inarudi kwenye joto lake upesi.

Sasa jasho la sakafu, ambalo limewatesa wengi. Nyumba za hapa zimekaa juu ya zege lililolala moja kwa moja ardhini. Baada ya siku tatu nne za baridi, marumaru imepoa hadi 60 hivi. Upepo unageuka, unaanza kuvuma kutoka kusini, Ghuba ya Mexico, na umande wa 66. Nje pana ule uvuguvugu wa nyumbani, watu wanashangilia na kufungua kila dirisha. Muda si muda marumaru inafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha nyayo za mtoto zinaonekana, kidole kwa kidole, kuanzia jikoni hadi sebuleni. Kisha maji yanajikusanya kwenye ile mistari ya saruji kati ya vigae. Hakuna bomba lililopasuka: hewa yenye maji imekutana na kitu kilicho baridi kuliko umande wake, ikayaacha maji pale pale. Ukipiga deki unaongeza maji, ukiwasha feni unaleta hewa nyingine yenye maji. Dawa ni kufunga madirisha, kukausha kwa taulo kavu, na kuwasha mashine ya kukausha hewa au kiyoyozi hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 50. Kipima unyevu kidogo cha mezani kinauzwa dola 10 hadi 15, na kina faida kuliko hita ya dola 80. Ukipuuza, wiki chache baadaye utafungua kabati ukute viatu vya ngozi na mkoba wa arusi vimeota ukungu.

Sehemu nyingine ya ukungu ni nyuma ya makochi na vitanda vilivyogusana na ukuta wa nje. Vutia mbele kiasi cha upana wa kiganja, hewa ipite. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu mashine. Nyumba nyingi za hapa zina hita ya gesi iliyowekwa darini. Apatimenti nyingi zinatumia umeme mtupu. Ikiwa ni pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, fahamu kwamba ndani yake kuna koili za umeme za akiba, mara nyingi za kilowati 5 hadi 15. Ukilala na 60 halafu asubuhi ukairusha hadi 74, mashine inaona pengo kubwa na kuwasha zile koili. Kioo cha themostati kinaandika AUX. Koili za kilowati 10 zikiwaka saa nzima zimekula uniti 10. Kwa senti 15 kwa uniti, hiyo ni dola moja na nusu kwa saa. Pampu yenyewe, siku isiyo ya baridi kali, hutoa joto karibu mara tatu ya umeme inaokula. Panda digrii mbili mbili, AUX isionekane. Kwa hita ya gesi hilo halina shida. Ya gesi ina lake: siku ya kwanza kuwashwa hunuka vumbi linaloungua, na harufu hiyo inapaswa kuisha upesi. Ikipita saa moja, au ikinuka waya, zima uite fundi.

Chujio libadilishwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, na mshale uliochorwa pembeni uelekee kwenye mashine. Usinunue lile zito kabisa kwa kudhani ni bora, mashine nyingi za zamani haziwezi kuvuta hewa kupitia hapo. Wala usifunge matundu ya hewa ya vyumba visivyotumika. Shinikizo linaongezeka kwenye njia za darini na hewa ya moto inavujia huko huko darini. Feni ya dari ina swichi ndogo ubavuni: igeuze izungukie upande wa pili, mwendo wa chini, ishushe joto lililojikusanya juu.

Mwilini, tabaka mbili nyepesi zinashinda moja nzito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokinga. Shuka la pamba, blanketi, kisha duveti nyepesi. Soksi kavu, zile za mchana zimeshaloa jasho. Marumaru hunyonya joto la miguu, basi tandika mkeka wa ukindu na zulia juu yake. Tofauti utaihisi siku hiyo hiyo. Blanketi la umeme linakula wati 100 hivi, hita ya chumbani 1,500. Na hiyo hita usiichomeke kwenye waya wa eksitensheni: kwa umeme wa hapa wa volti 120 inavuta ampea 12 na nusu, na waya mwembamba unaungua. Iwe moja kwa moja ukutani, mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda.

Wapo ambao maneno haya hayawahusu, na nalisisitiza hili kwa dhati. Mwenye selimundu asikae kwenye baridi, baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu yake. Mwenye pumu aangalie, hewa baridi hubana kifua. Mama au baba aliyekuja kututembelea, mtu wa miaka 70, chumba chake kisishuke chini ya 68, kwa sababu mwili wa mzee hupoa bila mwenyewe kuhisi. Kichanga hawezi kusema anasikia baridi na hafai kurundikiwa mablanketi kitandani, kwa hiyo chumba chake kiwe 68 hadi 72 na avae nguo ya kulalia inayomfunika. Nyumba yenye mmoja wa hao ifuate hitaji lake, wengine tupunguze nguo.

Na kuna usiku ambao hata mimi napandisha hita. Februari 2021 Houston ilishuka hadi 13, yaani chini ya sifuri kwa digrii 10 na zaidi za sentigredi, umeme ukakatika kwa mamilioni ya wateja Texas, na kwa hesabu ya mwisho ya jimbo watu 246 walikufa. Wengi waliuawa na baridi, lakini wengine waliuawa na kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotokana na moto: watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wakawasha jenereta au magari gereji. Sisi tunaijua desturi ya jiko la makaa chumbani msimu wa baridi, na nyumbani pia imeua watu. Nyumba ya hapa imezibwa kuliko ya kwetu, hewa hiyo ya sumu haina harufu, na usingizi unaoleta ndio wa mwisho. Kengele ya kaboni monoksidi ya betri iwe karibu na vyumba vya kulala, na makaa yasivuke kizingiti.

Utabiri ukisema 25 au chini, weka 66 na uache hapo usiku kucha, maana mabomba mengi ya maji hapa yamepita darini na kwenye kuta za nje. Fungua milango ya kabati chini ya sinki. Acha bomba la mbali kabisa na mita lichuruzike uzi mwembamba, la moto na la baridi. Vika koki za nje kofia za sponji. Tafuta mapema, mchana kweupe, koki kuu karibu na mita, uhakikishe inageuka. Kuitafuta saa nane usiku huku dari inamwaga maji ni kuchelewa. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa, funga hiyo koki, fungua mabomba yote yaishe maji, na zima hita ya maji.

Usiku wa namna hiyo kwa mwaka ni wachache mno. Nyingine zote za Desemba, Januari na Februari ni za 62 na blanketi. Machi ikiingia, mialoni inamwaga chavua, magari mtaani yanageuka manjano; hapo funga madirisha, badilisha chujio, na uoshe nyavu za mbu kwa maji ya mpira kabla hujazirudisha.