Mikoko haimezi risasi ikaisha

Eti ukipanda mikoko kwenye tope lenye madini ya risasi na shaba basi miti inasafisha yote, ndivyo nilivyoelewa makala moja ya kusafisha udongo kwa mimea, lakini hiyo ni nusu ya habari jamani. Madini hayaozi kama maganda ya ndizi. Mkoko unayashika kwenye mizizi na lile tope jeusi linalonuka mayai viza, majani hupata kidogo tu, na harufu ile ni salfa, ndiyo inayoyafunga huko chini, sasa wewe njoo ukate miti ama uchimbe njia ya maboti, tope likipigwa na hewa yanaanza kuachia tena. Huku Lamu kuna mahali mafundi wanakwangua rangi ya chini ya boti, nyingi ina shaba, na betri mbovu zimelala hapo hapo, yaani unapanda mche huku magamba ya rangi yanaangukia juu yake, si waanze kwa kutandika turubai? Alizeti na haradali, nazo hupandwa kusafisha udongo, sawa, zinaweza kuvuta madini mpaka juu, ila lazima uvune uzitoe kabisa, wala usimpe punda. Nyinyi wa Malindi, mikoko ya sehemu chafu ikikatwa kuni, majivu mnatupa wapi?