Sikuzimia, nilikaa chini

Kwanza kabisa, sikuzimia. Najua yule jamaa wa dawati la msaada ameshawapa yake kwenye magrupu, kwamba nilianguka kwenye kikao cha wakuu ofisini, nikamwagiwa maji, nikabebwa na walinzi. Uongo mtupu. Nilikaa chini tu, pale pale ukutani, maana miguu iligoma. Sasa sikilizeni ya kwangu kabla hajaongeza kwamba niliwekewa dripu.

Wa maofisini mnazijua hizi kompyuta pepe: mezani una kiboksi kidogo na skrini, Windows yenyewe iko huko kwenye seva. Leo unapewa mashine hii, kesho ile, kwa hiyo vitu vyako vyote, mafaili, mipangilio, picha ya watoto kwenye skrini, vinakaa kwenye profaili inayokufuata. Kwetu zilikuwa zile profaili za kizamani, zinazonakiliwa kupitia mtandao ukiingia na kurudishwa ukitoka. Ni sawa na kuhama nyumba kila asubuhi, kitanda kichwani. Watu walikuwa wanawasha, wanaenda kunywa chai na chapati, wanarudi, kiduara bado kinazunguka.

Nikapewa kazi ya kuwahamishia kwenye FSLogix, programu ya profaili ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2018. Yenyewe haihangaiki na faili mojamoja. Profaili nzima inakaa ndani ya kontena, yaani diski pepe ya VHDX iliyohifadhiwa kwenye seva, ukubwa wake wa kawaida GB 30, na ukiingia inaunganishwa tu, umeanza kazi. Kitu safi. Mpaka leo nasema ni kitu safi.

Kilichoharibu ni harusi.

Mimi ni mhazini wa kamati ya harusi ya mwenzetu mmoja pale pale ofisini. (Wahazini wenzangu, poleni na kazi.) Jumamosi niko peke yangu naandaa mashine mama, ile ambayo ukishaipanga vizuri ndiyo zinazaliwa mashine za watu wote. Mwenyekiti wa kamati akapiga simu: kikao kimeanza, wanataka orodha ya ahadi sasa hivi. Profaili yangu mwenyewe ilikuwa katikati ya kuhamishwa, haishikiki. Nikaifungua orodha hapo hapo kwenye mashine mama, ndani ya akaunti ya Administrator, nikaiweka sawa, nikaisevu kwenye deskitopu. Kwa muda.

Halafu nikarudi kwenye kazi ya mwajiri. Sasa, Sysprep, kile chombo cha Windows cha kuandaa mashine mama kabla ya kuinakili, ina kipengele kinaitwa CopyProfile. Ukikiwasha, kinaichukua profaili ya Administrator na kuifanya kuwa Default, yaani profaili ya mfano. Na Windows ikikuta mtu hana profaili, inamtengenezea yake kwa kunakili hiyo Default. Nilitaka kila mtu akiingia kwenye kontena jipya akute mpangilio mmoja. Mafaili yake ya zamani tungemwingizia jioni. Nikakiwasha. Kikafanya kazi vizuri mno.

Jumatatu, kikao cha wakuu wa idara, projekta imewashwa. Mkurugenzi kasema ataingia yeye wa kwanza kwenye mfumo mpya, mbele ya wote, ili waoga waone. Mimi nimesimama nyuma karibu na mlango, nimevaa shati jipya. Ndiyo, nilinunua shati.

Akaandika neno la siri. Skrini ikaanza kubadilika rangi taratibu, zile rangi za Windows ikiwa inatengeneza profaili mpya, na maneno ya kukuomba uiachie yenyewe kila kitu. Tukaiachia. Deskitopu ikatokea, bluu, safi kabisa. Kona ya juu kushoto, kikapu cha taka. Chini yake faili moja tu:

WADAIWA SUGU - USIMWONYESHE MTU.xlsx

Hapa naomba mnielewe. Mkurugenzi alikuwa anaidai idara ya fedha ripoti ya wadaiwa sugu wa kampuni tangu mwezi uliopita. Akatabasamu. Akamgeukia mhasibu mkuu: "Kumbe mmeshaileta? Safi sana." Mhasibu mkuu, ambaye hakuwa ameleta chochote, akaitikia kwa kichwa.

Nikataka kusema "Mzee, hiyo siyo." Ikatoka "Mze."

Mshale ukaanza kusogea. Mkurugenzi ni mtu mzima, hagombani na kipanya. Ukalipita faili, ukarudi, ukalipita tena. Akabofya mara moja, jina likaingia kivuli. Akatulia. Nikasema moyoni, Mungu wangu, labda hajui kubofya mara mbili. Anajua. Excel nayo, kwa kuwa profaili ni mpya, ikawa inajiandaa pole pole, na mimi natafuta kwa macho waya wa projekta. Nikauona. Umepita chini ya viatu vya meneja rasilimali watu.

Ikafunguka. Nami kwa ustadi wangu nilikuwa nimepanga kuanzia deni kubwa kushuka. Mstari wa kwanza: Mkurugenzi. Ahadi 500,000. Ametoa 0. Maoni: "Pesa anayo. Avizie kwenye lifti."

Hakuna aliyekohoa. Mstari wa pili, mhasibu mkuu: "Anasema mshahara haujatoka. Mshahara anautoa yeye." Wa tatu, meneja rasilimali watu: "Kila nikipiga yuko msibani. Huo ukoo umebaki na nani?"

Mtu akacheka kwa pua. Na Mkurugenzi, badala ya kufunga, akaanza kushuka na kile kigurudumu cha kipanya, tik, tik, tik, na kila tik kuna mtu mezani anajisoma. Kijani kilikuwa kimoja tu, dada wa mapokezi: "Amemaliza. Jengo zima mwenye utu ni huyu."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Nikiwa huko chini nikasikia kicheko kinatoka nje, cha ghorofa nzima, ndipo nikakumbuka kwamba Default si ya Mkurugenzi peke yake.

Yaliyofuata ni mbio tu. Nikalifuta kwenye Default, haikusaidia, kila mtu ana nakala ndani ya kontena lake. Nikatuma sera, yaani amri ya mashine zote, ilifute kwa wote kwa mpigo, ikagoma: faili linatumika. Wote walikuwa wamelifungua! Likafutika kesho yake walipoingia upya, na picha zilishapigwa. Mkurugenzi aliniita, akaniuliza namba ya kamati, basi. Meseji ya M-Pesa ikaingia sijafika hata mlangoni. Wengine nao wakamiminika, tumebadilisha ukumbi. Kamati ya send-off wanauliza kama mfumo unaweza kuharibika tena.

Sijafukuzwa. Niliambiwa niandike maelezo, nikaandika "hitilafu ya profaili."

Kuna kitu mtangazaji wenu wa dawati la msaada hakuwaambia: naye yumo, mstari wa 41. Ahadi 50,000, ametoa 10,000, maoni: "Vikao vyote amekula." Kaka, bado elfu arobaini. Namba unayo.