Jinsi Nilivyokata Utepe Usio Wangu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwasimulia nusu ya watu tunaofahamiana, na kwa kuwa katika simulizi yake nimempiga mtoto kikumbo, naona heri niseme mwenyewe kabla kikumbo hakijageuka kuwa ngumi. Mtoto sikumgusa. Nilimshinda tu, jambo ambalo, nikilitafakari vizuri, halinisafishi sana.

Mnaonifuatilia tangu zamani mnaijua ndoto yangu ya kumaliza marathoni, kilomita 42.195, kabla sijatimiza miaka 50. Mnajua pia kwamba jaribio la kwanza liliishia kilomita ya 31, mahali ambapo wakimbiaji hupaita ukutani, kwa sababu sukari iliyohifadhiwa misulini na kwenye ini huwa imekwisha na miguu haitii amri tena. La pili liliniondolea kucha mbili; picha niliwawekea, mkanilaani. Safari hii nilijiandaa kwa miezi minane, na usiku wa kuamkia mbio nilifanya mazoezi mbele ya kioo, si ya kukimbia, bali ya kuinua mikono wakati wa kukata utepe. Hilo ndilo lililoniponza.

Kufika kilomita ya 41, nilikuwa nimekimbia, kama kitendo kile chastahili kuitwa kukimbia, kwa zaidi ya saa 6. Miwani ilikuwa imejaa jasho na ukungu. Akilini nilikuwa na mtu mmoja tu, John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, ambaye katika Olimpiki za Mexico City mwaka 1968 aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na watazamaji waliokuwa wamebaki wakamshangilia. Kwa hiyo niliposikia vifijo mbele yangu sikushangaa hata kidogo. Njia ilipogawanyika, mwenye kibendera cha kutuelekeza hakuwapo, nami nikafuata vifijo.

"Anakuja! Bingwa wetu anakuja!" mtangazaji akapaza sauti. Machozi yakanilenga. Nikauona utepe, umeshikwa na akina mama wawili wenye tabasamu. Wakati huohuo nikasikia hatua nyepesi upande wangu wa kulia, nikatupa jicho, na chini kabisa nikaona viatu vinavyowaka taa kila vinapokanyaga. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza swali. Mimi nilijiuliza tu nguvu nitazitoa wapi, kwa sababu siku hiyo nilikwisha kukubali kupitwa na kila kiumbe, lakini si zikiwa zimebaki mita 10. Nikazitoa. Nikatanguliza kifua, nikainua mikono kama kule kiooni, nikafumba macho, na utepe ukanizunguka shingoni taratibu.

Vifijo vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nilipofumbua macho, mikono ikiwa bado juu, mtangazaji alikuwa akisema kwa upole unaouma kuliko matusi, "Mzee, hizi ni mbio za walio chini ya miaka 9." Na yule wa viatu vya taa, midomo ikimcheza, akanitazama kuanzia miguuni hadi shingoni, akasema, "Babu, nipe utepe wangu."

Babu! Nina miaka 47.

Yaliyofuata ni mafupi. Utepe ulishikwa upya, mtoto akarudishwa nyuma akaukata kwa haki yake, mimi nikajilaza majanini. Nilipoweza kusimama na kujikokota hadi kwenye mstari wangu halali, mita 60 tu upande wa kushoto, mkeka wa kunasa muda ulikuwa umekwisha kukunjwa, na matokeo yangu yanasomeka "hakumaliza". Nilipewa medali ya plastiki yenye picha ya sungura. Sikuikataa.

Jana nimejiandikisha tena. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua kundi la umri. Nimeisoma mara tatu kabla ya kuijaza, na rafiki yangu, aliyekuwa nyuma yangu ameinua simu, nimemwomba aishushe.